Wati Mia za Kumwita Mwalimu

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Wenzake wa karakana wanamwita Barafu, na jina limemkaa, maana hana haraka wala hasira. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hata ya kusalimia vizuri keshapeleka kiganja nyuma ya jokofu. Anasema jokofu halitengenezi baridi, linatoa joto nje, na asiyejua hilo asishike bisibisi. Nimeyasikia hayo tangu tuoane, naweza kuyasema usingizini.

Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyetaka kuiunguza redio yake mwenyewe, ndani ya chumba changu cha kushonea. Ningeambiwa ningebisha, ila nilikuwepo.

Redio zenyewe si hizi za kusikilizia taarifa ya habari. Wapo watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kutoka nyumbani, si kwa biashara, kwa kupenda tu. Mume wangu aliambukizwa ugonjwa huo na mwalimu wake wa sekondari, ambaye siku hizi ni mstaafu, anaishi peke yake ng'ambo ya milima. Kila Jumamosi alasiri walikuwa hewani. Wakiongea nini? Antena. Mvua. Halafu antena tena. Mke mwenye wivu angejichosha bure.

Kisha Mwalimu akaugua koo. Madaktari walimwokoa, lakini sauti ikaenda na ugonjwa. Tulipokwenda kumwona hospitalini mume wangu alimsemesha kwa sauti ya juu; Mwalimu akatutazama kidogo, akageukia ukutani. Aliporudi kwake aligawa simu, akaandika kwenye karatasi kwamba asiye na sauti haimfai kitu, na wageni akawakataa. Mume wangu alikuwa akikaa mezani ameshika tama, chakula kinapoa. Alikuwa anampenda yule mzee, na hakujua afanye nini.

Baadaye akapata wazo. Ipo njia ya kuandikiana kwa redio: unachapa maneno kwenye kompyuta, kompyuta inayageuza kuwa miluzi, redio inairusha, na kompyuta ya upande wa pili inairudisha kuwa herufi. Akamtumia Mwalimu waya na maelekezo kwa mkono wa mpwa wake, yule anayempelekea mahitaji. Jumamosi iliyofuata herufi zikaanza kujipanga kwenye kioo chetu, moja moja, Mwalimu anaita. Mume wangu alipiga makofi kama mtoto. Akajibu. Jibu la jibu likaja: mluzi nausikia, lakini herufi ni takataka tupu.

Hapo ndipo Barafu alipoyeyuka. Mtu akiongea kwa sauti, redio inapata kupumua kati ya neno na neno. Kwenye kuandika haipumui. Mluzi unakwenda mfululizo mpaka ujumbe uishe, kwa hiyo nguvu inatakiwa ipunguzwe, nusu au chini ya hapo, la sivyo redio inajichemsha. Haya alinifundisha yeye. Lakini alijiambia kwamba milima inamshinda, akapandisha nguvu hadi wati mia, na sauti ya kompyuta akaifungulia mpaka mwisho. Takataka ikazidi. Naye akazidisha. Nilimwambia, hakuambilika. Feni yangu ilihamishwa ikawekwa nyuma ya redio, mimi nikashona huku natiririka jasho.

Jumamosi ya tatu Mwalimu akaandika kwamba amechoka. Wiki ijayo mpwa wake atashusha antena na kuiuza kama chuma chakavu. Basi, yaishe.

Siku hiyo ilipofika, mume wangu alikaa mapema mbele ya kompyuta, kufa kupona. Redio ile ni ya zamani, vipuri vyake havipatikani tena, ikiungua imeungua. Alituma mara ya kwanza, ya pili. Mwalimu akajibu kwamba hasomi kitu. Mara ya tatu nikasikia harufu ya plastiki.

"Baba, zima," nikamwambia.

"Nikizima nimempoteza."

"Na ikiungua je?"

Alipeleka kiganja nyuma ya redio, akakirudisha haraka, akakitazama. Kisha akashusha nguvu hadi wati thelathini, na sauti ya kompyuta akaipunguza mpaka mshale wa kipimo ukabaki ukitikisika kidogo tu. Tukangoja chuma kipoe. Hakuwa na tumaini lolote, alikuwa anataka redio ihimili sentensi moja ya kuagana. Akachapa: Mwalimu, asante kwa yote. Sijakuacha.

Ujumbe ulitoka kwa upole hata feni ilikuwa na kelele kuuzidi. Mimi nilikuwa nimeushika uzi, sindano sijui iko wapi.

Herufi zikaanza kuja. Nimekupata, aliandika Mwalimu. Herufi zote.

Kumbe milima haikuwa na kosa. Ile sauti iliyofunguliwa mpaka mwisho ilikuwa ikijichanachana kabla ya kutoka ndani ya redio, kama spika ya baa: unaisikia mtaa mzima, neno hulipati. Mume wangu aliliona hilo palepale na akaanza kunieleza, nikamnyamazisha kwa mkono, kwa sababu Mwalimu alikuwa bado anaandika.

"Kila anayekuja kwangu ananipigia kelele, kana kwamba nimekuwa kiziwi. Hata wewe kule hospitalini. Nilipoteza sauti tu, masikio ninayo. Antena naiacha juu, haishuki. Ongea nami hivihivi."

Mume wangu alilia waziwazi, mbele yangu, bila kujificha. Kisha akapangusa kidole kwenye shati, akachapa polepole: Nisamehe, Mwalimu. Huko mvua imenyesha?