Nusu Gurudumu

Kila Jumatatu asubuhi, chai haijamshuka hata vizuri, Mzee Nusu alifungua mlango wa chuma wa banda la magari na kuingia kwa kunyata, kama anaingia chumba cha watoto waliolala. Mle ndani yalipangwa magari ya mbio, yote yamefunikwa mashuka ya pamba, yote mali ya Bosi mmoja. Kazi ya mzee ilikuwa kuyatunza. Aliwasha injini moja baada ya nyingine ili betri zisife, akafuta vumbi ambalo halikuwepo, kisha akalisogeza kila gari nusu gurudumu mbele. Gari likisimama pale pale muda mrefu, matairi hubonyea upande mmoja na kubaki hivyo. Jumatatu iliyofuata aliyarudisha nyuma nusu gurudumu. Hapo ndipo mafundi wa gereji ya jirani walipomtolea jina, naye alilipokea bila kinyongo.

Hebu fikiria lakini. Mtu ameshika usukani wa magari yenye mbio kuliko yote mjini, ameushika mpaka mvi zimemjaa, na safari zake zote ukiziunganisha hazifiki dukani.

Magari yenyewe nayo hayakuwa na safari. Bosi alikuwa mtu mwema, mnene, na mwoga kidogo. Lile jekundu, kipenzi chake, alilinunua kwa bei ambayo ingenunua mtaa mzima aliokaa mzee, pamoja na mabati yake na paka wake. Akalitoa nje mara moja tu. Alirudi jasho linamtiririka, akasema barabara ina mashimo, watu wanakodoa macho, na ukigusa mafuta kidogo tu gari linataka kukuacha nyuma. Tangu hapo alikuja siku za mapumziko, akalifunua shuka, akakaa kitini mlango ukiwa wazi na kusikiliza redio. Mafundi wa jirani walilibishania sana jambo hilo. Kuna waliosema magari ya siku hizi yamepita kiasi, yanaundwa kwa ajili ya barabara ambazo hazipo na mifuko ambayo haipo. Wenzao wakawajibu kwamba huo ni wivu mtupu. Mzee Nusu aliendelea kufuta vumbi lake. Yeye alikuwa na ndoto yake, na alijua ndoto ukiijadili sana inapoa.

Ndoto ilikuwa hii: alitoe lile jekundu nje, mkewe, Mama Mapacha, akiwa pembeni yake, alipeleke linakotaka kwenda.

Ndoto hiyo ilianza zamani, katika gari jingine kabisa. Wakati huo alikuwa fundi kijana, na mteja mmoja alikuwa na kigari cha mbio cha wazi, kimechakaa, wakikiita Kipanzi kwa sababu kiliruka kwanza ndipo kikaondoka. Kila alipomaliza kukitengeneza ilibidi akijaribu barabarani, na kila alipokijaribu alipitia kwa binti mmoja mshona sare. Kipanzi hakikuwa na mbio za maana. Baiskeli ya mteremkoni ingekipita. Lakini kilitetemeka, kililia, upepo uliingia kila upande, na siku moja kitambaa cha binti kilitoka kichwani kikaangukia shamba la watu, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Kiti kilikuwa kimoja kirefu, kwa hiyo kwenye kona binti alimwegemea begani, na kona ikiisha alisahau kujitoa. Ndivyo walivyooana. Kipanzi kiliishia kwa wanunua vyuma chakavu, na kijana akamwahidi mkewe kwamba ipo siku atampeleka kwa kasi ya kweli.

Sasa siku zilikuwa zinamkimbia. Daktari alimwambia ni presha ya macho. Katikati angeendelea kuona kwa muda, ila pembeni kulikuwa kunafungwa taratibu, kama mtu anavuta mapazia mawili. Mchana aliruhusiwa kuendesha bado, lakini leseni yake ilikuwa inakaribia kuisha, na daktari alimshauri kwa upole asijisumbue kuomba nyingine. Mzee alirudi nyumbani, akamweleza Mama Mapacha yote, kisha akakaa mlangoni akigeuza kichwa huku na huku, akiutazama mtaa kipande kipande.

Ndipo Bosi akaja na habari kwamba lile jekundu amelipatia mnunuzi, na alitaka lipelekwe kwenye yadi ya huyo mtu, ng'ambo ya mji. Mwenyewe asingethubutu. Mzee akauliza kwa nini analiuza. Bosi akasema amepata jingine lenye kasi zaidi. Mzee alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania, maskini.

"Macho yangu yanaondoka, Bosi," mzee akasema. "Pembeni sioni sawasawa. Ni haki yako kujua."

"Mbele je?"

"Mbele naona vizuri."

Bosi akafikiri kidogo. "Basi nenda nalo taratibu mjini. Na umchukue mama, akuangalizie pembeni."

Mama Mapacha alivaa gauni la harusi za watu. Kuingia garini kulikuwa shughuli: alitanguliza makalio, ukafuata mguu, akapumzika, akaleta mguu wa pili, na mkoba ukaingia mwisho kwa kutupwa. Akasema watengenezaji walisahau kwamba matajiri wengi ni watu wazima wenye magoti. Viti vilikuwa mabeseni mawili, katikati yake ukuta wa vitufe. Alijaribu kumwegemea mumewe, bega halikufika.

Mjini walikwenda kama wanasindikiza maiti. Walipoingia barabara mpya nje ya mji, pana, nyeupe, haina mtu, mzee alipiga moyo konde na kukanyaga.

Hakukuwa na mtetemo. Gari lilinguruma mara moja, na dunia ikavutwa nyuma. Kufumba na kufumbua, miti ikayeyuka, nyumba zikayeyuka, kulia kukawa ukungu na kushoto ukungu, kikabaki kitundu kimoja tu cha mwanga mbele, kidogo, kinazidi kuwa kidogo. Mzee akakitambua. Kilikuwa kile kile alichoelezwa na daktari. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, kwa sababu alikuwa ameletwa mapema mahali ambapo angefika tu, naye hakuwa tayari. Akaondoa mguu.

Gari likatulia. Mama Mapacha alikuwa amemshika goti kwa kucha zote.

"Tumepita nini pale?" akauliza.

"Sijui. Sikuona kitu."

"Mimi nina macho mazima na sikuona kitu pia," mkewe akasema. "Baba Mapacha, kama kasi ya kweli ndiyo hii, mimi naidai ile ya uongo."

Mzee akacheka, na kicheko kikamtoa machozi, akayaacha yatoke. Akafungua vioo vyote. Akalipunguza lile gari la bei ya mtaa mpaka likawa linatembea kama Kipanzi, injini ikinung'unika kwa kunyimwa haki yake. Upepo ukaingia. Mama Mapacha akaanza kumwonyesha: kulia kuna mama anaanika nguo, shuka la njano, kushoto kuna ng'ombe amelala katikati ya uwanja wa mpira, golini hasa, kulia tena, ukuta umechorwa samaki. Mzee aligeuza kichwa kila alipoambiwa na kukitazama kila kitu mpaka kikaisha. Baiskeli ikawapita. Mwenye baiskeli aligeuka kuwatazama, akakaribia kuingia mtaroni kwa mshangao.

Walifika wamechelewa sana. Mnunuzi alilikagua gari rangi yote kwa kidole, akalifunika shuka hapo hapo, na mzee akamkumbusha habari ya nusu gurudumu. Walipotoka jua lilikuwa linazama, na saa kama hizo ndizo zilizomtesa zaidi, vivuli vinaungana na mashimo. Kituo cha basi kilikuwa mbali kidogo. Alikuwa anapapasa ardhi kwa kiatu kabla ya kukanyaga, hatua yake imekuwa ndogo, ile ile ya kusogea na kurudi ya bandani. Aliona aibu.

Mama Mapacha akapitisha mkono kwapani kwake, akamwegemea begani. Hapakuwa na ukuta wa vitufe hapa. Akamwambia kuna jiwe, wakalipita. Akamwambia kuna maji, wakayaruka, yeye akiwa na gauni mkononi.

"Mbele pako wazi," akasema. "Ongeza mwendo kidogo."

Mzee akaongeza.