Mnara wa Wanahewa na Kitambaa Chake

Mnara wa wanahewa wetu hapa Gitega ulikamilika kabla ya msimu wa mvua, lakini hakuna aliyeuona. Fundi alipomaliza kulisugua jiwe, kamati ililifunika kwa kitambaa cheupe siku hiyohiyo. Mnara haufunguliwi ila na mgeni rasmi, na kitu ambacho watu wamekwisha kukiona hakiwezi tena kufunguliwa. Mimi nilikuwa katibu. Niliwahi kutangaza redioni, na kamati iliamini kwamba mtu wa redio hachoki kupanga majina ya wakubwa kwa vyeo vyao.

Ulikuwa mnara wa kuwakumbuka marubani na mafundi wa jeshi waliokufa katika ajali za ndege. Mwenyekiti wetu, ofisa mstaafu, bado alitembea kana kwamba kuna gwaride linamfuata nyuma. Aliwapenda marehemu kwa dhati. Ila marehemu hawakasiriki wakikalishwa safu ya pili, na mgeni rasmi hukasirika.

Mgeni wa kwanza alipata safari. Wa pili alihamishwa kikazi, na jina lake lilikuwa limekwisha kuchongwa chini ya mnara kwa herufi kubwa kuliko za marehemu. Fundi akalifuta akiwa ameingiza kichwa ndani ya kitambaa, kama mpiga picha wa zamani. Wa tatu alikubali, akaomba tu tumngojee. Mvua ikanyesha, kitambaa kikaota ukungu. Kamati ikakutana, ikajadiliana kwa kirefu, ikaamua kinunuliwe kingine, na wakati wa kukibadilisha wapita njia waombwe kutazama upande wa barabara.

Jirani yangu wa mtaa wa Yoba alikuwa mjane wa fundi mmoja wa helikopta. Helikopta hiyo ilianguka kwenye mvua huko Butihinda, mkoani Muyinga, na moto haukuacha cha kuzika. Ndiyo maana tangu hapo mama huyu alikataa kuganduka, yaani kuanua matanga kwa pombe na maneno ya shukrani, kama desturi yetu inavyotaka. Aliwaambia shemeji zake hawezi kugandukia hewani. Apewe kwanza mahali. Sasa binti yake alikuwa amepata mchumba, na wakwe hawawezi kuja kuposa katika nyumba yenye matanga. Asubuhi moja akanisimamisha mlangoni.

"Jirani, ile jiwe yenu itavuliwa nguo lini?"

"Tunamngojea mgeni rasmi, mama."

"Bon. Na bwana yangu, yeye iko anangojea nani? Mi niingie tu chini ya kitambaa, nisome jina yake, nitoke."

Nikalifikisha ombi kwenye kamati. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Akisoma yeye, atakuwa ameufungua. Tutamwambia nini mheshimiwa?"

Ili kumfariji, kamati ikampa kazi: aende nami Butihinda kutafuta kipande cha ile helikopta, kiwekwe chini ya mnara.

Watu wa kilima tulichofikia wengi walikulia Tanzania kabla ya kurudi, na Kiswahili chao kimenyooka. Mwenye shamba, mwanamke wa makamo, alitupokea na jembe mkononi.

"Karibuni jamani. Mmekuja kwa ajili ya ile ndege?"

Kipande kilikuwa nyuma ya nyumba: bati la ubavu, limelazwa juu ya mawe, rangi ya jeshi ikionekana bado ukingoni. Juu yake mhogo ulikuwa umeanikwa. Nikamweleza, kwa lugha ya kamati, kwamba kifaa hicho kinahitajika kwa ajili ya kumbukumbu ya taifa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mhogo wangu nitauanika wapi, baba? Juu ya hotuba?"

Mjane akacheka. Miaka yote ya ujirani sikuwahi kumsikia akicheka. Kisha akauliza ilianguka wapi hasa.

"Hapo hapo uliposimama. Hatujapalima. Mume wangu alitaka apande maharage, nikamwambia acha, wenyewe watakuja. Ila mmechelewa, dada."

Mjane akatazama chini. Pembeni kulikuwa na mahindi na migomba. Pale aliposimama kulikuwa na nyasi tu. Akakaa.

"Dada, pombe iko huku?"

"Ya ndizi ipo. Kwani kuna nini?"

"Mi naganduka."

"Leo? Bila wageni?"

"We si mgeni?"

"Mimi mwenyeji!"

"Basi mi ndiye mgeni rasmi."

Mwenyeji akaita majirani. Mhogo ukasogezwa upande mmoja wa bati, mtungi na mirija vikawekwa upande wa pili. Desturi inataka mtu aseme kwa niaba ya wafiwa, wakanisukuma mimi. Nikaanza kuwasalimu waheshimiwa kwa vyeo vyao. Mjane akanikata.

"Apana, jirani. Sema tu kama alikuwa anatengenezaka redio za Yoba bure."

Nikasema hivyo. Redio yangu ilikuwa miongoni mwazo. Watu wakanywa, na matanga yakaisha.

Wakati wa kuondoka niliuliza tena habari ya bati, maana nilikuwa nimetumwa.

"Ibaki," mjane alisema. "Ukipeleka Gitega, wataifunika."

Niliiripotia kamati kwamba kipande kimepatikana ila kiko kazini. Mwenyekiti akauliza kama kinaweza kupewa ruhusa ya siku moja. Kikao kikaahirishwa hadi mgeni rasmi atakapothibitisha. Kitambaa cha sasa ni cha buluu, hakionyeshi uchafu.

Binti aliposwa, akaolewa. Mwenyekiti alihudhuria, akaketi safu ya mbele, akala vizuri. Akausifu ugali, akauliza mhogo huu mweupe hivi umetoka wapi.

"Muyinga," mjane akamjibu, akimwongezea sahani. "Kwa bwana yangu."