Mama Ozella Avua Glavu

Mama Ozella Pettway ameongoza wahudumu wa mlangoni wa kanisa letu hapa Alabama kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kuvuka njia ya katikati wakati wa maombi akabaki na heshima yake. Akiinua mkono wenye glavu nyeupe, hata shemasi aliyebanwa na mkojo huketi. Alikuwa mama mkwe wangu miaka kumi na miwili. Mwanawe Roscoe aliponiacha akamchukua Denice wa kwaya, Mama Ozella alinihamisha kutoka benchi la familia hadi la nyuma, karibu na choo, kwa ishara ya vidole viwili tu.

Binti yetu Kenyetta, wa miaka sita, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Ni mtoto wa kelele. Huanza nyimbo kabla ya kwaya, na huuliza kwa sauti kwa nini mchungaji analowa jasho. Ugonjwa wake nao tumezoea uje kwa kelele: miguu inauma, analia, tunakimbilia maji ya moto.

Mwezi wa Aprili Kenyetta alikaa kwa baba yake siku tano. Jumapili akaingia na Denice, akaketi kimya, mikono mapajani. Akina mama wenye kofia wakampongeza Denice. Mmoja aligeuka mpaka kwangu kuniambia kwamba kumbe mtoto alikosa mkono thabiti tu. Roscoe akatanua mabega.

Wivu nilikuwa nao, sikatai. Lakini Kenyetta hanyamazi hata usingizini. Maombi yalipoanza akalaza kichwa kwenye benchi, nami nikasimama. Mama Ozella akanizibia njia.

“Kaa chini, binti. Watu wanaomba.”

“Mtoto amenyamaza, mama.”

“Ndiyo malezi hayo.”

“Mtazame fizi. Mtazame tu, kisha unifukuze.”

Alinikagua kama soksi iliyotoboka. Kisha akavua glavu, kidole kimoja kimoja, jambo ambalo kanisa lile halijawahi kuliona, akafunua mdomo wa mjukuu wake. Fizi zilikuwa nyeupe kuliko ile glavu.

“Roscoe,” alisema katikati ya maombi, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, “leta gari.”

Njiani Denice alijitetea kwamba ni homa ndogo tu tangu Jumatano. Mtoto wa dada yake alikuwa nayo pia, na mashavu mekundu, akapona. Kenyetta hakulia hata mara moja, basi akadhani ni mzima.

Daktari alisema ni kirusi. Watoto wengine huwapita kama mafua, lakini kwa mtoto kama wetu, ambaye damu yake haidumu, huzima kiwanda cha damu ndani ya mifupa kwa siku kadhaa. Tungengoja mpaka Jumatatu, tungempoteza. Akamtundikia damu, akaagiza mwenye mimba yeyote asiingie chumbani, maana kirusi hicho huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Denice alikuwa na mimba ya miezi minne. Alipelekwa kupimwa, na Mama Ozella akajiweka mlangoni bila kuombwa na mtu. Daktari mwenyewe alirudishwa akanawe mikono.

Jioni Kenyetta alifumbua macho.

“Bibi, mbona umesimama kama kabati?”

Mama Ozella akageuza uso ukutani kwa muda. Kisha akavuta kiti mpaka kitandani na kunionyesha kwa vidole viwili. Msamaha hakuomba. Niliketi.