Bendera ya Sir, Misa ya Mama

Sir niliyemfanyia kazi Dubai alikuwa Mwayalandi kwanza, mengine baadaye. Alikuwa mhandisi, baba wa watoto wawili niliowalea mimi, na mtu wa kicheko cha kusikika hadi kwa jirani, lakini ukimuuliza yeye ni nani, alianza na Ayalandi na mara nyingi alimalizia huko huko. Sebuleni kwake, katika nyumba tuliyoishi upande wa pili wa Rashidiya, alitundika picha ya jiwe. Jiwe tu, limekaa mlimani kwenye nyasi zilizolowa. Kila mgeni alisimuliwa habari zake: kwamba Waingereza walipopiga marufuku misa, wazee wa Sir waliisali juu ya jiwe hilo, mvua ikiwanyeshea, huku mtu mmoja amesimama kileleni kuangalia kama askari wanakuja. Sir akifika kwa yule mlinzi wa kileleni, machozi yalimtoka. Nimeisikia hadithi hiyo nikiwa na sinia mkononi mara nyingi kiasi kwamba angeugua, ningemshikia zamu.

Kanisani mwenyewe hakuwa akienda. Misa aliipenda ikiwa ya miaka mia tatu iliyopita.

Mimi nililijua jiwe hilo kabla sijamjua yeye. Kwetu Kenya nilisoma shule ya misheni iliyoanzishwa na masista wa Kiayalandi, na sista aliyetufundisha darasa la sita alituchorea jiwe ubaoni, na padri, na askari. Alisema nchi yake na imani yake ni kitu kimoja, kwamba Mwingereza alipotaka kuichukua ya kwanza ilimbidi aanze na ya pili. Tulimpenda. Sisi pia tulikuwa na wazee waliojificha msituni kwa sababu ya Mwingereza huyo huyo, kwa hiyo hatukuhitaji kufafanuliwa sana.

Aliyekuwa na maswali ni mama yangu. Mama alifua nguo za misheni miaka ishirini na miwili: kanzu za mapadri, vitambaa vya altare, mashuka ya masista. Alikuwa Mkatoliki hadi kwenye mifupa, lakini hakuwa mtu wa kumezeshwa. Nilipomsimulia habari za jiwe, aliendelea kusugua kola ya padri kisha akauliza, "Kama walimchukia Mwingereza hivyo, mbona walikuja huku kwa meli yake?" Nilimpelekea sista swali hilo, naye akanituma nikafute ubao.

Na kulikuwa na habari ya peremende. Siku ya mtakatifu wa Ayalandi huangukia katikati ya Kwaresima, na Waayalandi wana desturi kwamba siku hiyo mtu huruhusiwa kula alichokuwa amejinyima. Basi masista waligawa peremende kwa shule nzima, na kwa wafanyakazi pia. Mama aliipokea yake, akashukuru, akaiweka dirishani pale kwa kufulia, na ikakaa hapo hadi Pasaka. "Mtakatifu ni wao," alisema, "lakini Kwaresima ni yangu."

Mwanamke huyo ndiye aliyefariki nikiwa Dubai.

Alifariki mwezi wa pili. Madam, mke wa Sir, alikuwa amesafiri kikazi, na Sir akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba watoto hawana mtu mwingine, kwamba nitaenda mwezi utakaofuata, kwamba anajua ni vigumu. Nikabaki. Mama alizikwa Jumamosi, na mimi niliyaona mazishi kwenye simu, nimesimama kando ya mashine ya kufulia, picha ikikatikakatika. Asiyekuwepo na lake halipo. Hakuna aliyeniuliza wimbo gani uimbwe. Sikutupa hata gao moja la udongo. Mwezi uliofuata ulipofika, safari ile haikutajwa tena, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Jumuiya yetu ya Kiswahili kanisani ndiyo iliyonishika mkono. Misa ya Kiswahili haipatikani kila Jumapili, lakini mwenyekiti wetu, mlinzi wa hoteli kutoka Machakos, alizungumza na padri, wakaniandikia nia: misa ya kumwombea mama yangu, Jumapili ya tatu ya mwezi wa tatu, saa tisa alasiri. Mimi ndiye nitakayeanzisha nyimbo. Nikajiambia, haya ndiyo mazishi yangu.

Sasa, mwaka huo Jumapili hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mtakatifu wa Ayalandi, na Sir alikuwa amealika watu thelathini.

Nilimweleza shoga yangu wa nyumba ya jirani, mwenyeji wa Tanga, mtu wa swala tano. Ilikuwa Ramadhani, amefunga, anamwagilia maua ya bosi wake huku midomo imemkauka. Nikamwambia sijui nitaombaje ruhusa. Akazima bomba. "Unaomba? Mimi kwa madam wangu siombi kuswali, shoga. Naaga. 'Madam, naenda kuswali.' Khalas, imekwisha. Ukiomba, umempa mtu nafasi ya kukataa."

Basi Jumamosi nikaenda kuaga.

Sir alikuwa juu ya ngazi sebuleni, anatundika bendera. Kijani, nyeupe na rangi ya chungwa, imefifia na ina mkunjo usiotoka hata kwa pasi, najua kwa sababu nilijaribu. Ilifunika jeneza la babu yake mzaa mama, aliyepigana na Waingereza ujanani. Chini, kwenye kochi, alikaa mama yake Sir, ambaye mimi na watoto tulimwita Nyanya. Alikuja kila mwaka msimu huo. Jioni alisali rozari jikoni kwangu, yeye kwa Kiayalandi na mimi nikiitikia kwa Kiswahili, na hatukuwahi kupotezana. Kwake Mwayalandi asiye Mkatoliki alikuwa nusu mtu, na mwanawe alikuwa akimkondea mbele ya macho yake. Aliwahi kuniambia, "Sisi ndio tuliowaletea imani hii." Nikamjibu, "Mlituletea, asante. Sasa ni yangu, na sirudishi." Alicheka, lakini tangu siku hiyo aliniangalia kwa uangalifu zaidi.

Nikashika ngazi kwa mikono yote miwili isiyumbe, Sir asije akadhani namtisha.

"Sir, kesho saa saba naondoka. Naenda misa ya mama yangu. Nitarudi saa kumi na mbili."

"Kesho? Kesho haiwezekani. Chukua Jumatatu. Chukua hata siku mbili."

"Padri hamsomei mama Jumatatu, Sir. Ni kesho."

"Mungu haendi popote."

"Hata mtakatifu wenu haendi popote. Mngemsherehekea Jumamosi ijayo."

Akaacha kupigilia. Akanitazama kutoka juu, nyundo mkononi, na mimi nikasema lile nililokuwa nimelibeba kwa miaka miwili ya masinia. "Wale wazee wa kwenye jiwe, Sir. Arbab wao, bosi wao, aliwapa siku ya ofu?"

Alishuka ngazi taratibu, mwekundu hadi masikioni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitegemea aniambie nifungashe. Badala yake hasira yake ikapita kando yangu ikaenda kwa Kanisa.

"Kanisa hilo unalolikimbilia," akasema, "unajua lilimfanyia nini mama yangu mkubwa? Alipata mimba ana miaka kumi na saba. Wakamfungia kwa masista. Akafua nguo za watu miaka tisa, mtoto wakampa mtu mwingine, akafa bila kumwona. Hiyo ndiyo imani yenu. Usiniletee nyumbani mwangu."

Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Iliniuma, sitasema uongo. Niliwaza vitambaa vyeupe, na sabuni, na mikono.

"Mama yangu pia alifua nguo za masista," nikamwambia. "Miaka ishirini na miwili. Tofauti ni kwamba wa kwangu alirudi nyumbani jioni. Una haki ya kulikasirikia Kanisa, Sir. Huna haki ya kulikasirikia kwa Jumapili yangu."

Hapo ndipo Nyanya aliposema. Hakuinua sauti. Alikuwa akiiangalia bendera, iliyoning'inia upande mmoja kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

"Masista walifungua mlango," akamwambia mwanawe. "Aliyempeleka hadi mlangoni ni baba yangu, babu yako. Alivaa koti lake la Jumapili na beji ya vita kifuani, akaniambia nisilie, kwa sababu familia yetu ni ya wazalendo na nchi inatutazama. Padri alimpongeza. Nilikuwa na miaka kumi, niliona. Unataka kumlaumu mmoja na kumtundika mwingine ukutani?"

Sir aliweka nyundo chini. Maisha yake yote alikuwa amepanga babu upande wa mashujaa na Kanisa upande wa wabaya, na mama yake naye alikuwa ameyaweka yote mawili upande wa mashujaa, na dada mtu hakuwekwa popote. Niliwahurumia. Lakini nilijua pia kwamba nikikaa kimya, maombolezo yao yatameza yangu, kesho itafika, na nitakuwa jikoni nakata mkate.

"Sir," nikasema, "kesho saa saba naondoka."

Nikaachilia ngazi nikaenda kuwaogesha watoto.

Jumapili Nyanya alikuwa mlangoni kabla yangu, amevaa kofia. "Naja nawe," akasema. "Sijawahi kusikia jina la dada yangu likisomwa kanisani. Kwetu halikusomwa."

Nilikataa. Naliandika hili kwa sababu lingekuwa rahisi kuliruka. Nilimwambia, "Nyanya, pole sana, lakini hii ni misa ya mama yangu. Nia ni moja na imeshaandikwa." Maisha yangu yote Waayalandi wamekuwa wakiingia mahali petu na huzuni yao iliyopangwa vizuri, wimbo wake ukiwa tayari, na sisi tunaitikia. Siku hiyo sikutaka. Yeye akasema sawa, jina halitasomwa, atakaa nyuma tu. Mtu wa miaka themanini na kitu hazuiliwi kwenda kanisani, kwa hiyo tukapanda basi hadi kituo cha treni.

Kwenye treni alitoa peremende kwenye mkoba na kunipa nusu ya pakiti, sikukuu imefika. Nikamkamata mkono haraka. Kulia kwetu kulikuwa na mzee amefunga, kushoto mama na bintiye wamefunga. "Nyanya, hapa ni Ramadhani," nikamnong'oneza, "na mimi niko kwenye Kwaresima." Akazirudisha kama mwanafunzi aliyefumaniwa. Nilitaka kucheka, nikakumbuka ninakoenda.

Kanisa lilijaa. Walinzi waliotoka zamu na sare zao, wahudumu wa mahoteli, yaya wenzangu, mafundi waliokuja kutoka Ras Al Khor na mafuta ya magari bado kwenye kucha. Nikaanzisha wimbo wa kuingilia ule mama aliouimba akipiga pasi, na sauti haikunitoka vizuri, lakini watu mia mbili waliubeba wakati mimi nimeudondosha. Ilipofika sala ya waamini, padri akasoma jina la mama. Alilikosea, akavuta silabi isiyovutwa, na hata hivyo nililihisi likianguka mahali pake kama udongo juu ya jeneza. Tukaitikia, raha ya milele umpe, ee Bwana. Nililia kwa sauti, bila aibu, kama watu wanavyolia kwetu, na akina mama wakanishika mabega.

Kisha padri akanyamaza kidogo ili kila mtu awataje marehemu wake moyoni. Katika kimya hicho, kutoka benchi la nyuma, sauti ya kizee ikataja jina la mwanamke. Jina la kigeni, kwa lugha ya rozari ya jikoni kwangu, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi altareni. Watu waligeuka. Niliwaza kwa hasira, hata leo hawaniachii.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti. Kila mtu alikuwa akiningojea mimi. Nikaona mikono yake imeshika benchi la mbele, mikono ya mtoto wa miaka kumi aliyekatazwa kulia. Nikaitikia. "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na kanisa zima likamwitikia dada wa mtu kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuisikia, bila kuuliza alikuwa bikira au mzalendo au nini. Hatukumwitikia kwa ajili ya Ayalandi. Tulimwitikia kwa sababu alikufa na hakuna aliyewahi kumwitikia.

Tulirudi saa kumi na mbili na nusu. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni na Sir amesimama chini ya picha ya jiwe, ameshafika kwa yule mlinzi wa kileleni. Pale alipokuwa akitundika bendera ukuta ulikuwa mtupu, misumari miwili tu. Alituona tukiingia kwa mlango wa mbele, mama yake kwenye mkono wangu, akakatisha hadithi katikati na hakuimalizia.

Madam alinifuata jikoni. Alisema sare yangu ameiweka kitandani, imepigwa pasi, nifanye haraka, wageni wana njaa. Nilikuwa nimevaa gauni jeusi nililoshonewa na fundi wa Satwa wiki ile mama alipofariki, ambalo sikuwa nimepata pa kulivaa.

"Sare leo sivai, Madam," nikamwambia. "Natoka kumzika mama."

Nikanawa mikono, nikachukua sinia, nikaingia sebuleni nayo nikiwa katika gauni langu. Nilimfikia kila mgeni, mmoja mmoja, nikasimama mbele yake hadi akaniangalia. Wengi walinong'ona pole kabla ya kuchukua mkate. Sir alikuwa wa mwisho. Hakuchukua kitu. Aliniuliza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, mama yangu alikuwa anaitwa nani.