Mama Alipoambiwa Amwage

Machicha ya zabibu yakilowekwa siku tano hutoa harufu tamu yenye ukali, inayopanda puani kama hamira. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu wa kijijini Mkonze. Nyuma ya jiko mama aliweka mtungi mkubwa, akatia machicha aliyopewa na wakamuaji wa mvinyo, maganda ya mapapai na ndizi kutoka sokoni, kisha maji. Povu likituama alichuja, akachanganya kata moja kwa ndoo nzima, akamwagilia kunde. Leo mimi ni mwenye stashahada ya kilimo, niliyoipata kwa jasho langu bila mjomba wa kunishika mkono, na sababu naijua: kunde hujitafutia naitrojeni hewani, lakini zikitaka kuzaa huhitaji potasiamu, na maganda yanayo. Mama hakulijua neno potasiamu. Alizijua kunde.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka tisa. Mvua ilikatika kunde zikiwa ndiyo kwanza zinatoa maua, na mtama ulikuwa umekwisha kukauka. Mboga yetu ya mwaka mzima ilitegemea shamba lile na mtungi ule. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa changu. Katika shule ya Jumapili mwalimu alitusimulia arusi ya Kana, jinsi maji yalivyogeuka divai. Nami, ambaye kujisifu sikukuanza leo, nikanyoosha mkono: "Hata mama yangu anatengeneza! Mtungi mzima, unatoa povu!"

Habari ilitembea. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Baba Chiku, mpenzi wa pombe, kikombe mkononi. "Mama Neema, nionjeshe tu, nikwambie kama imeiva."

"Onja, shemeji. Ukichipua maua usinilaumu."

Baba Chiku alinusa, akarudi kwake akicheka. Lakini kesho yake walikuja wazee watatu wa kanisa, na hao hawakucheka. Kanisani kwetu mpika pombe alitengwa, na mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama. Kuimba ndiko kulikomfanya asimame wima tangu baba afariki. Nilijibanza nyuma ya mlango.

"Mama Neema, umwage mtungi huo," alisema Mzee Ndahani, mkubwa wao. "Ukimwagwa leo, hatutalifikisha kwa mchungaji."

"Sawa, baba. Nitaumwaga wote, nanyi mkiona."

Akachota kata, akaitia ndooni, akajaza maji, akaelekea shambani. Wazee wakamfuata. Akamwaga kwenye shina la kwanza, la pili, la tatu.

"We mama, si tumesema umwage?"

"Si ndiyo namwaga, baba? Hamkusema wapi. Na mtungi ni mkubwa. Mtanipokea ndoo?"

Mzee mmoja akaangua kicheko. Mzee Ndahani akainama, akalishika ua moja la kunde kwa vidole viwili. Kisha akaipokea ndoo. Walimwaga mpaka jua likaelemea magharibi, na kabla hajaondoka Mzee Ndahani akauliza machicha hulowekwa siku ngapi. Jumapili mama aliongoza kwaya kama kawaida. Hakuniuliza kamwe nani alisema. Siku kunde za kwanza zilipoiva alinipakulia mimi kabla ya wote, akanisukumia sahani. "Kula, msemaji wangu."

Miaka mingi ya kazi Dar es Salaam imepita, nami nimerudi Mkonze kwa akiba yangu mwenyewe. Nina matangi yenye vifuniko na vipimo, na kunde zangu hupigwa picha na wanafunzi wa chuo kikuu cha pale Chimwaga. Hakuna mzee anayekuja kunusa uani kwangu. Hata hivyo, mwezi uliopita mkulima mmoja aliniambia usoni kwamba maganda ni takataka. Nilimjibu kwa sauti, nikamtajia stashahada yangu, nikaingia ndani nikaitoa. Aliisoma, akaaga, akaenda zake vilevile alivyokuja. Mama, mvi kichwa kizima sasa, alikuwa akipukuchua kunde barazani.

"Umemwonyesha karatasi," alisema bila kuinua macho. "Shamba je, mwanangu?"