Wavu wa Kumi na Mbili

Khavere hushika ndege kwa vidole viwili. Shingo hukaa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kwenye kiganja, na ndege hutulia hapo kana kwamba amefika kwao. Mimi nimefanya kazi naye miaka sita na ndege bado hunidonoa hadi damu. "Wewe unashika ndege kama polisi," huniambia, na kwa kuwa yeye aliolewa na polisi, sibishani.

Kazi yetu ni kuwavisha ndege pete. Tunatandaza nyavu nyembamba katikati ya miti, nyembamba hivi kwamba hata wewe ukizembea utaingiza uso. Ndege akinaswa tunamtoa, tunamvisha mguuni pete ya chuma yenye namba, tunampima bawa na uzito, ninaandika kitabuni, tunamwachilia. Akinaswa tena baada ya miaka minne, tunajua ni yuleyule na kwamba bado yu hai. Watu wa Gatitu, Khavere anakokaa, wamekata shauri kwamba tunawala. Mimi nilichoka kueleza. Yeye bado anaeleza, tena kwa upole, hadi kwa muuza nyama.

Aliletwa Nyeri kutoka Vihiga na uhamisho wa mumewe. Baada ya miaka mitatu mume akahamishwa tena, kaskazini, na safari hiyo hakumchukua wala hakutuma neno. Khavere akabaki na binti mchanga, Phoebe, na jiko la makaa. Akaanza kukaanga mandazi na kuwapelekea chai wafanyakazi wa msituni, na hivyo ndivyo alivyokutana na Kingori, mkuu wetu. Asubuhi moja Kingori alikuwa amekwama na chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua mwenye mdomo uliopinda. Nyuzi zilikuwa zimemnasa ulimi, bega na miguu yote miwili, na Kingori alikuwa ameshatoa makasi akate wavu. Khavere akaweka birika chini, akajipangusa mafuta kwenye leso, akamfumua ndege kwa muda wa kusali Baba Yetu. Kesho yake alikuja bila birika. Sasa ana leseni yake mwenyewe, na wageni wenye shahada zao huja kujifunza kwake.

Kingori hupenda kusema kwamba msitu ni mama. Kingori analala mjini. Sisi tunaoingia mle asubuhi na mapema tunajua kwamba msitu una mbogo. Tembo utamsikia akivunja matawi, na chui atakukwepa. Mbogo husimama kimya ndani ya kichaka, hatua tano kutoka kwako, akikusikiliza ukipita. Mwaka nilioanza kazi, mzee Mutahi, aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe wake, alikutana na mmoja karibu na kijito. Nilikwenda mazishini. Jeneza halikufunguliwa. Tangu siku hiyo tumbo huniuma kila Jumapili jioni kwa sababu kesho yake ni kazi, na sikuwahi kumwambia mtu. Mwanamume mzima kutoka Mwingi, baba wa watoto wawili, aseme anaogopa?

Tulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, nyavuni tunaenda wawili, mmoja macho na mikono kwa ndege, mwingine masikio kwa msitu. Ya pili, mvua ikija nyavu zote zifungwe. Ndege aliyenaswa akilowa, baridi ya huku juu humwua hata saa moja haijaisha, naye ananing'inia tu pale, hana la kufanya. Khavere hawezi kulivumilia jambo hilo. Miaka tisa iliyopita walimfia ndege wawili kwa mvua, na mpaka leo anakumbuka namba za pete zao.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne Kingori alikwenda mjini kutengeneza gari, tukabaki wawili. Saa tano mawingu meusi yakaanza kushuka kutoka mlimani. Khavere alikuwa mezani na mifuko saba ya kitambaa, kila mmoja una ndege wake ndani.

"Ngoja nimalize hawa tuende tufunge," akasema.

"Mvua haitangoja, Mama Phoebe. Wacha niende. Ni dakika kumi tu."

"Peke yako?"

"Kwani mimi ni mtoto?"

Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu. Alinitazama kidogo, akanipa vitambaa vyekundu. Kila wavu ukishakunjwa hufungwa kwa vitambaa viwili, na Khavere mwenyewe ndiye huvikata kutoka kwenye leso kuukuu: nyavu kumi na mbili, vitambaa ishirini na vinne, basi.

Kumi na moja nilizifunga mbio mbio. Ziko kando ya njia, upande wa mashamba ya chai, na ukiwa hapo unasikia wachuma chai wakipiga soga. Wa kumi na mbili uko peke yake ng'ambo ya kijito, kwenye mianzi. Nilipofika kijitoni nikaona kinyesi, na kilikuwa bado kinafuka mvuke. Harufu ilikuwa ya zizi. Mianzi ya ng'ambo ilikuwa imetulia mno, hakuna hata ndege aliyelia. Nikasimama mguu mmoja juu ya jiwe. Kisha kitu kikapumua kule ndani, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayepenga kamasi, nami nikageuka.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka tu kwamba nilipouona moshi wa kambi nilipunguza mbio, nikajifuta jasho, nikaingia nikitembea.

"Umemaliza zote?" Khavere akauliza.

"Zote."

Nikatundika koti langu kambani, nikaketi, nikavuta kitabu, nikaandika kwa mwandiko mzuri: nyavu kumi na mbili zimefungwa, saa tano na dakika ishirini na tano. Nilijiambia kwamba palipo na mbogo ndege hawapiti. Nilijiambia mvua itapita kando. Mwoga hakosi hoja.

Mvua haikupita kando. Matone mazito yalianza kupiga turubai wakati Khavere alipokuwa akimwachilia ndege wa mwisho. Akainuka kuanua koti langu lisilowe, akalikung'uta, na vitambaa viwili vyekundu vikaanguka kutoka mfukoni.

Aliviokota. Mimi nilijifanya nasoma kitabu, lakini nilikuwa namwona. Alivigeuza mkononi, kisha akanitazama usoni kwa muda. Sijui aliona nini. Akavitia kwenye mfuko wa aproni yake, akachukua fimbo na mfuko mmoja wa ndege.

"Nakuja," akasema.

"Unaenda wapi na mvua?"

"Choo."

Choo chetu kiko upande wa kushoto wa kambi. Yeye alishika njia ya kulia.

Hapa ndipo sitaki kuruka hata kitu kimoja. Nilijua anakokwenda. Nilijua kilichoko huko. Alikuwa hatua thelathini tu kutoka kwangu, ningeweza kumwita, na jina lake si refu. Lakini kumwita kulikuwa ni kukiri. Mdomo ulinikauka, nikabaki kwenye kile kiti cha plastiki nikitazama saa ya simu. Dakika nne: sasa amepita wavu wa sita. Dakika nane: sasa yuko kijitoni. Nikamwomba Mungu mbogo awe ameondoka. Kisha nikaomba Khavere asijue kwamba nilimwona akienda, na nikagundua kwa aibu kubwa kwamba hilo ombi la pili ndilo lililotoka moyoni zaidi.

Dakika ya kumi na mbili mianzi ikavunjika, mingi kwa pamoja, mlio mkavu kama wa risasi. Kisha nikasikia sauti ya Khavere, mara moja, fupi. Kisha mvua tu.

Nilishika sufuria na mwiko nikakimbia nikiigonga, huku nalia kwa sauti. Watu husema ukishaanza kutenda hofu huisha. Haikuisha. Kila kichaka nilichopita niliona kina pembe. Kwenye kijito niliteleza nikaanguka, na kwa muda nililala pale majini nikisubiri kukanyagwa, na nilipoona sikanyagwi nikaamka nikaendelea kugonga sufuria.

Nilimkuta amejisukuma chini ya gogo la mti ulioanguka, mahali pembe zisipofika. Wavu wa kumi na mbili ulikuwa umeburutwa hadi majini, umekuwa matambara. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Mbogo sikumwona, na kutomwona kulinitisha zaidi. Mfuko wa ndege ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake.

"Wako watatu," akasema, meno yakigongana. "Mmoja amekufa. Hawa wawili weka ndani ya shati wapate joto."

Niliwaweka ndani ya shati. Nikambeba Khavere mgongoni hadi kwenye mashamba ya chai, nikigeuka kutazama nyuma kila hatua, na ndege wakitetemeka kifuani mwangu. Wachuma chai wakaita gari. Mmoja wao, mama mmoja mwenye gunia la nailoni kichwani, ndiye aliyewaachilia wale ndege mvua ilipokatika. Mimi mikono yangu haikuweza.

Hospitalini Khavere alitiwa chuma mguuni. Kingori alipokuja wodini akauliza ilikuwaje wavu mmoja ukaachwa wazi, na alipouliza alikuwa ananitazama mimi.

"Ni mimi nilisahau," Khavere akasema kutoka kitandani. "Mwangangi ndiye alinitoa huko."

Nikanyamaza. Kingori akanipiga bega, akaniita simba. Kwa wiki tatu nikawa shujaa hadi kanisani, mchungaji akanisimamisha watu wanione. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hawakusema huenda nini kwa mwoga anayepigiwa makofi. Usingizi ulinipotea. Niliogopa Khavere atasema, niliogopa pia hatasema kamwe, na zaidi niliogopa kile daktari alichomwambia Kingori, kwamba huenda huyo mama asiweze tena kupanda mlima. Wapi tena angekwenda na mikono ile?

Jumamosi ya nne nikanunua mkate na maziwa, nikaenda Gatitu. Phoebe, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alinifungulia mlango akaanza kunishukuru hadi machozi yakamtoka. "Ungechelewa kidogo ningekuwa sina mama," akasema. Nilitamani ardhi inimeze. Akatoka kwenda dukani kununua sukari ya chai yangu.

Khavere alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, akichambua kunde kwenye ungo. Magongo yake yalikuwa yameegemezwa ukutani.

"Mama Phoebe," nikasema. "Ule wavu sikuufunga. Nilisikia mbogo nikatoroka. Halafu nikaandika uwongo. Halafu nikakuona ukienda, nikanyamaza."

Aliendelea kuchambua.

"Najua," akasema.

"Mbona hukuniuliza siku ile?"

"Niliona uso yako. Nikasema, huyu nikimuuliza saa hii atashikwa na aibu, na kesho hatarudi kazi. Nikaona afadhali niende haraka nifunge, nirudi, mambo iishe."

"Na Kingori?"

"Si angekufuta?"

Nikasema kile ambacho nilikuwa nimekiamini miaka yote sita. "Mimi si kama wewe. Wewe huogopi kitu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona amekasirika.

"Nani alikuambia? Mimi kila asubuhi kabla niingie huko natapika. Muulize Phoebe. Miaka kumi na tano natapika kila asubuhi, halafu naosha mdomo naenda. Ati siogopi." Akatupa shina la kunde chini. "Ungerudi tu useme, Mama Phoebe, niko na uoga. Ningekuambia hata mimi. Sasa kila mtu alificha yake, na angalia mguu."

Nikauangalia. Ulikuwa mwembamba kuliko ule mwingine, na ngozi ilikuwa na mishono kutoka kifundoni hadi gotini. Nikaanza kusema nisamehe, akaniinulia mkono ninyamaze, maana mlango ulikuwa unafunguliwa.

Phoebe aliingia na sukari, anatabasamu, akauliza mbona tumekaa kama watu wa matanga.

"Keti," mamake akamwambia. "Mwangangi ako na kitu anataka kukuambia."

Nilimtazama Khavere nikidhani anatania. Alikuwa amerudia kunde zake. Phoebe akaketi kwenye kiti kilichonielekea, mikono magotini, macho yake yamejaa ile shukrani aliyonipokea nayo mlangoni. Mdomo ukanikauka kama siku ile kambini. Mlango ulikuwa bado wazi na ningeweza kusema nina safari.

"Phoebe," nikasema, "naogopa kukuambia."

Akaacha kutabasamu. Nikamwambia.