Chama Kilichokosa Kichwa

Mzungu aliyenifundisha ualimu alirudi kwao, akaniachia rundo la magazeti yenye mafumbo ya maneno. Mjinga mimi, nikayapenda kuliko chakula. Kila fumbo lina nusu mbili: moja inakupa maana ya jibu, ya pili inachezea herufi zake. Neno likiwa "halina kichwa," unaondoa herufi ya kwanza. Basi nikaanza kutunga ya Kiswahili na kuyabandika kwenye gazeti la ukutani la skuli yetu, Mji Mkongwe.

Kumbe baada ya Mapinduzi kuta zilikuwa na wasomaji wengi kuliko wanafunzi.

Siku moja nikaandika: "Chama kikikosa kichwa, toka nyumba hii uende nyingine." Ondoa C kwenye "chama," inabaki "hama." Wallahi nilikuwa nawaza chama cha mpira! Nikajiona hodari kweli kweli.

Adhuhuri nikaitwa kwenye tawi la Chama, wale wanaotawala. Karatasi yangu ilikuwa mezani kwa mwenyekiti, imebanduliwa pamoja na chokaa ya ukuta.

"Mwalimu, kichwa cha chama ni nani?"

"Herufi C, ndugu mwenyekiti."

"Mimi ni herufi?"

Yarabi! Jela sikuiogopa kama uhamisho. Nilikuwa nimeoa juzi tu, hina bado haijamtoka mke wangu, naye ni muuguzi wa hospitali ya mjini. Nikipelekwa shamba hawezi kunifuata. Nikaapa kwamba hata timu ya mpira ni chama.

"Na jibu lake?"

Nusu ya mtaa ilishahama nchi bila ya kuaga, leo mimi nimtamkie neno hilo?

"Bado nnalitafuta," nikasema.

"Unauliza watu usilolijua!" Akacheka, akaniomba kalamu. Akainama, ulimi nje, anafuta, anaandika. Ghafla akapiga meza.

"Hama! Ala, nshalipata! Fundi wewe, mwalimu!"

Alifurahi kwa dhati, maskini. Kisha akalisoma tena polepole, na kicheko kikamwisha.

Wiki haikwisha nikahamishiwa skuli ya Makunduchi, shamba kabisa, kwa manufaa ya taifa. Mke wangu alinikunjia mashati huku analia kwa hasira.

"Maneno yote haya ya Kiswahili," akasema, "hukuliona 'kaa'? Kaa wa pwani, kaa la moto, kaa na mkeo!"